Mechi za Pointi Mbili na Mechi za Pointi Tatu

Katika toleo lililopita niliandika kwenye safu hii kwamba Ligi Kuu ya Hoki ya Barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, ina wachezaji bora kuliko ligi yoyote duniani, na wakati huohuo ina msimamo wa ligi usioaminika kuliko wowote ninaoujua. Barua zimekuja nyingi, nyingine za kuuliza na nyingine za kunikemea. Nimechagua zile zinazogusa kiini cha jambo, pamoja na moja ya mtani wangu ambayo nisingeweza kuiacha ipite.

Mimi ni mpenzi wa soka niliyeanza kufuatilia hoki ya barafu baada ya binti yangu kwenda Canada kwa masomo. Nimejitahidi kuusoma msimamo wa NHL lakini nimeshindwa. Kuna safu ya ushindi, kuna safu ya kushindwa, halafu kuna safu nyingine tena ya kushindwa. Kwani kushindwa kuko kwa aina ngapi? — Msomaji, Dodoma

Kushindwa kuko kwa aina mbili, mama, na hapo ndipo ugomvi wangu na ligi hii unapoanzia. Mechi ya hoki ya barafu huchezwa kwa vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Timu inayoshinda ndani ya dakika hizo 60 hupata pointi mbili, na iliyofungwa huondoka mikono mitupu. Dakika 60 zikiisha kwa sare, kila timu huhakikishiwa pointi moja papo hapo, kisha huongezwa dakika tano ambamo bao la kwanza humaliza mchezo, na zikiisha bila bao hupigwa penalti. Atakayeshinda katika nyongeza au kwa penalti huongezewa pointi ya pili. Atakayeshindwa hubaki na ile moja aliyokwisha kuitia mfukoni, na kushindwa kwake huandikwa kwenye hiyo safu ya tatu iliyokuchanganya.

Sasa piga hesabu. Mechi iliyomalizika ndani ya dakika 60 imegawa pointi mbili, na mechi iliyokwenda kwenye nyongeza imegawa tatu. Fikiria makocha wawili ambao timu zao zinalingana nguvu, mabao ni mawili kwa mawili, na zimebaki dakika tano kipindi cha tatu kiishe. Wakiendelea kushambuliana mpaka mmoja afungwe, pointi za kugawana ni mbili, maana yake kila mmoja anatarajia wastani wa pointi moja. Wakiutuliza mchezo mpaka king'ora kilie, pointi za kugawana zinakuwa tatu, na matarajio ya kila mmoja yanapanda hadi moja na nusu. Hakuna kocha mwenye akili timamu atakayeikataa nyongeza hiyo ya nusu pointi, na mimi makocha siwalaumu. Nawalaumu walioandika kanuni.

Tena ligi hii imegawanywa katika kanda mbili, Mashariki na Magharibi, zenye timu 16 kila moja, na kila kanda hupeleka timu nane kwenye mchujo wa kuwania Kombe la Stanley. Timu ya Magharibi inapokutana na ya Mashariki, jambo ambalo humtokea kila mmoja mara 32 katika msimu, pointi anayopewa mpinzani haimpunguzii mtu chochote, kwa sababu hawagombei nafasi moja. Hapo sare ya dakika 60 ni neema kwa pande zote mbili, na anayepunjwa ni mtazamaji aliyelipa kiingilio.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Muda wa nyongeza wa mechi za kawaida uliondolewa mwaka 1942, wakati wa vita, kwa sababu timu zilikuwa zikisafiri kwa treni na ratiba za treni hazikusubiri mtu. Ukarudishwa msimu wa 1983–84, dakika tano, na aliyefungwa ndani yake alipoteza kila kitu, wakati sare ilimpa kila mmoja pointi moja. Matokeo yake timu zilijifungia nyuma katika dakika hizo tano ili kuilinda sare. Msimu wa 1999–2000 ligi ikaamua kuutibu woga huo kwa kumhakikishia kila mmoja pointi yake kabla nyongeza haijaanza, na kwa kweli nyongeza ilichangamka. Lakini woga wenyewe haukuisha, ulihama tu: ukatoka kwenye dakika tano za nyongeza, ukahamia kwenye dakika kumi za mwisho za kipindi cha tatu, ambako umekaa mpaka leo.

Ukitaka kuona jinsi msimamo unavyoweza kumpoteza mtu, chukua msimu wa 2024–25. Montreal ilishinda mechi 40 na kushindwa 42. Columbus nayo ilishinda 40 na kushindwa 42. Montreal ikaingia kwenye mchujo kwa pointi 91, Columbus ikabaki nje kwa pointi 89, kwa kuwa katika kushindwa kwa Montreal mara 11 zilikuwa za nyongeza au penalti, na kwa Columbus mara tisa. Magazeti ya huko huiandika timu kama Montreal kuwa ina 40, 31 na 11, na msomaji wa haraka huona 40 dhidi ya 31 akadhani ni timu iliyoshinda kuliko ilivyoshindwa. Timu hiyo ilishindwa zaidi ya nusu ya mechi zake, na haikuwa peke yake katika ligi kupambwa namna hiyo.

Kaka, sisi tunaokaa jimbo la Alberta huku Canada tunajua fika kwamba wewe ni shabiki wa Calgary. Ungekuwa upande wetu wa Edmonton, ambako tumecheza fainali mbili mfululizo mwaka 2024 na 2025, usingepata muda wa kuhesabu pointi za wenzako. Au ndiyo yale ya sungura, sizitaki mbichi hizi? — Mtani wako, Edmonton

Mtani, laiti ungejua jinsi kanuni hii ilivyotubeba. Katika msimu huohuo wa 2024–25 Calgary ilishinda mechi 41, ikafungwa 27 ndani ya dakika 60, na ikashindwa 14 katika nyongeza au kwa penalti. Hizo ni pointi 14 zilizopatikana kwa kushindwa, na hakuna sungura anayeziita mbichi zabibu alizokwisha kuzila. Tukamaliza na pointi 96, sawasawa na St. Louis, tukaachwa nje kwa sababu wenzetu walikuwa na ushindi mwingi zaidi uliopatikana ndani ya dakika 60.

Kigezo hicho kimekuwa cha kwanza cha kutenganisha timu zilizolingana tangu msimu wa 2019–20, nami nakiunga mkono ingawa ndicho kilichotutoa. Angalia maana yake: ligi yenyewe inakubali kwamba ushindi wa dakika 60 una uzito kuliko ushindi wa penalti, ila inakubali hivyo siku ya mwisho tu, na kwa timu zilizolingana pointi tu. Kwa nini uzito huo usihesabiwe kuanzia mechi ya kwanza ya Oktoba?

Na fainali zenu mbili mlizozipoteza mbele ya Florida mimi sikuzitaja. Umezitaja mwenyewe.

Shikamoo mwandishi. Mimi nazipenda zile dakika tano za nyongeza kuliko mechi nzima. Wachezaji watatu kwa watatu, uwanja umefunguka, mashambulizi yanapishana kama umeme. Ukiwalazimisha kumaliza kazi ndani ya dakika 60 utatunyima raha hiyo. — Msomaji, Mombasa

Marahaba. Sitaki kuziondoa, na mfumo ninaoutetea hauziondoi: mshindi wa dakika 60 apate pointi tatu, mshindi wa nyongeza au penalti apate mbili, aliyeshindwa katika nyongeza au penalti apate moja, aliyeshindwa ndani ya dakika 60 asipate kitu. Kila mechi igawe pointi tatu, isizidi wala isipungue. Wapo walioniandikia wakidhani nataka aliyeshindwa katika nyongeza anyang'anywe pointi yake. Sina kinyongo na pointi hiyo. Ninachokikataa ni kwamba inachapishwa kutoka hewani badala ya kukatwa kwa aliyeshindwa kumaliza kazi kwa wakati.

Kuhusu utamu wenyewe, nakubaliana nawe nusu. Watatu kwa watatu walipoanza msimu wa 2015–16 palikuwa na raha kwelikweli, kwa sababu makocha walikuwa hawajaijua dawa yake. Uwanja wa NHL una urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26. Ukiwatoa wachezaji wanne juu ya barafu hiyo, kosa moja dogo linazaa mtu anayekimbia peke yake kuelekea kwa kipa. Lakini makocha ni watu wa kujifunza. Siku hizi timu yenye kisahani, kile kidude cheusi cha mpira mgumu wanachokigombea, haina haraka. Mchezaji anaingia nacho eneo la wapinzani, anazunguka, haoni nafasi ya uhakika, anakirudisha nyuma mpaka katikati, na wakati mwingine mpaka kwa kipa wake mwenyewe, wenzake wanabadilishana kwenye benchi, kisha wanaanza upya.

Tazama hasa nani anayebadilishwa na nani asiyeweza. Katika nyongeza timu hubadilishana magoli, kwa hiyo benchi ya kila timu inakuwa mbali na lango inalolilinda. Mchezaji wa kawaida wa hoki hukaa juu ya barafu kwa muda usiofika dakika moja kwa zamu, kwa sababu anakimbia kwa nguvu zake zote. Beki aliyenaswa kwenye eneo lake dakika nzima anaanza kuinama, gongo limewekwa juu ya magoti, miguu haisogei upande kwa upande tena bali inasubiri, na benchi anaiona kwa mbali lakini hathubutu kuikimbilia kwa kuwa akiondoka watabaki wawili. Timu yenye kisahani inalijua hilo. Kule kuzunguka unakokuona kama kupoteza muda ni kumchosha mtu huyo mmoja mpaka aanguke. Ni ufundi, sikatai, na wakati mwingine ni ufundi mzuri mno. Ila si ule umeme uliousimulia, na mashabiki viwanjani wameanza kuuzomea.

Kama utamu wa nyongeza ndio unaoutafuta, subiri mchujo. Huko hakuna watatu kwa watatu, hakuna penalti, hakuna pointi ya mtu yeyote: watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, mpaka bao lipatikane. Mwezi Machi 1936 Detroit na Montreal Maroons walicheza dakika 116 na sekunde 30 za nyongeza kabla ya Mud Bruneteau, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, kufunga bao pekee la mechi, saa nane na ushei usiku. Mwaka 2020 kipa Joonas Korpisalo wa Columbus aliokoa mikwaju 85 katika mechi moja dhidi ya Tampa Bay, akashindwa katika nyongeza ya tano. Timu yake haikupewa hata robo pointi, na hakuna aliyesema ameonewa.

Hizo penalti mnazozilalamikia, sisi watu wa soka tumezizoea tangu utotoni. Timu mbili zimelingana, lazima apatikane mshindi, basi wapige. Tatizo liko wapi? — Msomaji, Lubumbashi

Katika soka penalti huja pale ambapo lazima mmoja atolewe mashindanoni. Mechi ya ligi ya Jumatano usiku ikiisha kwa sare, kila mtu anarudi nyumbani na pointi yake. NHL wamefanya kinyume kabisa: kwenye mchujo, ambako lazima mmoja atoke, hawapigi penalti hata kama kutapambazuka, na kwenye mechi za kawaida, ambako hakuna dharura yoyote, wanazipiga. Walizileta msimu wa 2005–06, baada ya mgomo wa wamiliki kuufuta msimu mzima wa 2004–05, wakiwa na hamu ya kuwarudisha watazamaji, na nakiri kwamba watazamaji husimama vitini zinapopigwa.

Penalti ya hoki, kwa wasioijua, haipigwi kutoka kituo kimoja. Mchezaji anaanza katikati ya uwanja na kisahani chake, anamwendea kipa peke yake kwa mwendo anaoutaka, na ana ruhusa ya kumhadaa kadiri awezavyo ilimradi kisahani hakirudi nyuma. Ni onyesho zuri, lakini ni kipaji cha pembeni, kisichopima timu. Waulize Wakanada kuhusu Nagano 1998, nusu fainali ya Olimpiki, ambapo Dominik Hašek wa Jamhuri ya Czech alizuia penalti zote tano, huku Wayne Gretzky, mchezaji aliyefunga mabao mengi kuliko wote waliomtangulia, akiwa ameketi kwenye benchi kwa kuwa kocha hakumchagua. Au Sochi 2014, ambako kanuni za kimataifa ziliruhusu mchezaji mmoja kurudia, T. J. Oshie wa Marekani akapiga sita peke yake dhidi ya Urusi na kufunga nne. Karibu wenzake wote waliokimbia dakika zote walikuwa watazamaji kama wewe na mimi.

Mfano wangu mkubwa hata hivyo ni wa Aprili 2010. Siku ya mwisho ya msimu, Philadelphia na New York Rangers walikutana wakiwa na pointi 86 kila mmoja, na nafasi ya mchujo ilikuwa moja. Dakika 60 ziliisha bao moja kwa moja, nyongeza ikapita, wakapiga penalti. Kipa wa Philadelphia, Brian Boucher, akamzuia Olli Jokinen wa Rangers, Philadelphia wakaingia kwa 88 dhidi ya 87. Kisha timu hiyohiyo ikafungwa na Boston mechi tatu za mwanzo za raundi ya pili, ikashinda nne zilizofuata, ikafika mpaka fainali. Mtu atasema huo ni uthibitisho kwamba walistahili. Mimi nasema hatujui Rangers wangefanya nini, na hatutajua, kwa sababu mechi 82 za kikosi kizima zilihitimishwa na mtu mmoja aliyeteleza kumwendea kipa.

Habari za kazi, mwandishi. Mfumo wako wa pointi tatu nimeona watu wakiujaribu kwenye karatasi, na kwa kawaida timu zinazoingia mchujo ni zilezile, labda moja tu ndiyo inayobadilika. Kelele zote hizi za nini basi? — Msomaji, Minneapolis

Swali zuri kuliko yote, na ni kweli unayoyasema. Lakini hesabu za karatasi zina kasoro moja ya msingi: zinachukua mechi zilizochezwa chini ya kanuni ya zamani na kuzipa pointi za kanuni mpya, kana kwamba makocha wangefanya yaleyale. Wasingefanya. Pointi tatu zikiwa mezani katika dakika ya 55, kocha aliye nyuma kwenye msimamo atashambulia, kwa sababu ushindi wa nyongeza utampa mbili tu wakati aliye mbele yake anakusanya tatutatu. Soka limekwisha kutuonyesha. Waingereza walihama kutoka pointi mbili kwenda tatu kwa ushindi mwaka 1981, Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, na sababu ilikuwa hiyohiyo ya kuifanya sare isivutie. NHL ndiyo ligi ninayoijua inayompa anayekwenda sare zawadi ya pamoja iliyo kubwa kuliko ya anayetafuta ushindi.

Hata hiyo timu moja unayoitaja si ndogo. Mwaka 2023 Florida iliingia mchujo ikiwa na pointi 92, Pittsburgh na Buffalo zikabaki nje na 91 kila moja. Florida ikaitoa Boston, iliyokuwa imeweka rekodi ya ligi kwa ushindi wa mechi 65 na pointi 135, ikafika fainali, na katika miaka miwili iliyofuata ikalichukua kombe mara mbili. Pointi moja ilitosha kufungua mlango huo wote, na pointi moja katika ligi hii unaweza kuipata kwa kushindwa.

Wewe uliye Minneapolis huna haja ya kwenda mbali kuuona mfumo ninaoutaka. Ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, iliyoanza kucheza Januari 2024, imetumia tatu, mbili, moja na sifuri tangu siku ya kwanza, na timu ya Minnesota ndiyo iliyochukua ubingwa wa misimu miwili ya mwanzo. Wameongeza na kanuni nyingine inayoonyesha wamekaa wakafikiri: timu iliyopungukiwa mchezaji kwa adhabu ikifunga bao, mchezaji wake anafunguliwa papo hapo arudi uwanjani. Shirikisho la kimataifa, IIHF, linatumia pointi tatu kwenye mashindano yake. Sweden na Finland wanazitumia kwenye ligi zao.

Na kuna jambo ambalo bado sijasikia maelezo yake. Mwezi Februari 2025 NHL yenyewe iliandaa mashindano ya mataifa manne, Canada, Marekani, Sweden na Finland, kwa wachezaji wake wenyewe, na ikatumia pointi tatu kwa ushindi wa dakika 60, mbili kwa ushindi wa nyongeza, moja kwa aliyeshindwa katika nyongeza. Canada walipoishinda Sweden mabao manne kwa matatu katika nyongeza walipewa mbili na Sweden moja, na hakuna aliyepiga kelele. Mechi sita za makundi ziligawa pointi 18 kamili. Siku chache baadaye wachezaji walewale wakarudi kwenye klabu zao, na mechi za pointi mbili zikaendelea kuchanganywa na za pointi tatu.

Hoja ya wakuu wa ligi, na imekuwa hiyohiyo kwa miaka mingi ya uongozi wa Gary Bettman, ni kwamba mfumo wa sasa unazibana timu pamoja, kwa hiyo mpaka mwezi Machi miji mingi bado ina matumaini na viti vinauzika. Ni hoja ya mfanyabiashara na ina ukweli wake. Lakini matumaini hayo yana upande wa pili usiotajwa: timu iliyo nyuma kwa pointi sita haiwezi kumfikia aliye mbele, kwa sababu kila inaposhinda, yeye anashindwa katika nyongeza na kuokota moja. Shabiki anaoneshwa pengo dogo ambalo halizibiki. Mfumo wa pointi tatu ungeyapanua mapengo kidogo, kweli, na pia ungemwezesha mtu kuyaziba kwa wiki mbili za ushindi wa wazi.

Wengine hulia na rekodi, kwamba zitapoteza ulinganifu. Montreal ya 1976–77 ilipata pointi 132 katika mechi 80, na 12 kati ya mechi hizo zilikuwa sare, kitu ambacho sasa hakipo kabisa. Ulinganifu ulikwisha kufa zamani.

Hapa Nairobi tumekuwa tukiteleza kwenye kile kiwanja kidogo cha Panari, na tangu Kenya ikubaliwe kuwa mwanachama wa IIHF mwaka 2024 vijana wana ari mpya. Tungependa kuitazama NHL kwa jicho la kujifunza. Tuanzie wapi na tuamke saa ngapi? — Msomaji, Nairobi

Hongereni. Wakanada wengi waliijua timu yenu, Kenya Ice Lions, mwaka 2018, ilipokwenda Canada kucheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na ushirikiano wenu na IIHF unamaanisha kwamba mtakulia kwenye mfumo wa pointi tatu.

Saa ni mtihani. Mechi ya saa moja usiku ya Toronto au Boston huwafikia saa tisa usiku wakati wa baridi, na saa nane baada ya wao kusogeza saa mwezi Machi. Ya Calgary au Edmonton huanza saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwa mtu anayeamka mapema ni nafuu. Zile za mchana wa Jumamosi na Jumapili huangukia saa tatu usiku kwenu, nazo ndizo ninazozipendekeza.

Kama muda ni mfupi, tazameni dakika kumi za mwisho za mechi iliyo sare, mkimfuata mshambuliaji wa tatu badala ya kisahani. Timu inayotafuta bao huwatuma washambuliaji wawili ndani kabisa kugombea kisahani kwenye kona, na wa tatu husogea mbele ya lango kusubiri pasi. Timu inayotafuta king'ora humtuma mmoja tu, na yule wa tatu mtamwona amesimama karibu na mstari wa buluu, ule unaoanzia eneo la wapinzani, amegeuka nusu, tayari kurudi nyuma kabla hata kisahani hakijapotea. Katika mechi za Machi zinazokutanisha Mashariki na Magharibi mtawaona wa tatu wa pande zote mbili wamesimama hivyo.

Tuseme ligi inakataa pointi tatu. Je, ipo kanuni moja ndogo ambayo ungeifuta kesho asubuhi? — Msomaji, Mwanza

Ipo, na watu wengi wanaotazama kila wiki hawaijui. Timu iliyo nyuma kwa bao moja dakika za mwisho humtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa ziada. Ndiyo kamari maarufu ya hoki, na ikifungwa kwenye lango tupu haipotezi zaidi ya ilichokuwa inapoteza tayari. Katika muda wa nyongeza wa msimu wa kawaida, hata hivyo, kitabu cha kanuni kinasema kwamba timu itakayomtoa kipa wake kwa hiari ili kushambulia, kisha ikafungwa, itanyang'anywa hata ile pointi moja iliyoipata kwa sare. Kwa maneno mengine, ligi inayosema imeweka pointi ya uhakika ili watu washambulie bila hofu imemwekea adhabu anayeshambulia bila hofu kuliko wote.

Machi 2024 kocha wa Minnesota, John Hynes, alimtoa kipa wake katika nyongeza dhidi ya Vegas. Timu yake ilikuwa nyuma sana kwenye mbio za mchujo, na pointi moja isingemfikisha popote, kwa hiyo akacheza wanne kwa watatu na lango wazi nyuma yao. Matt Boldy akafunga, Minnesota ikapata mbili. Msimu huo hawakuingia mchujo hata hivyo, na ni nadra tangu hapo kumwona kocha mwingine akithubutu, kwa sababu walio wengi wana pointi moja ya kulinda na ajira ya kulinda. Kifungu hicho kinaweza kufutwa kwenye kikao chochote cha kanuni cha kiangazi, bila kugusa safu hata moja ya msimamo, bila kuharibu rekodi ya mtu, na bila wakuu wa ligi kulazimika kukubali kwamba pointi zao zina kasoro.